Beki Aliyepiga Mpira Mlimani

"Yule si beki, Hassani. Yule ni mfukuza kima shambani."

"Na kima wamekula nini tangu aje? Nitajie. Wamekula nini?"

"Hawajala, lakini na sisi hatujavuna! Tukiupata mpira, anaubutua nje. Tukiupata tena, anaubutua nje. Nimewafundisha hawa wasichana mwaka mzima kuutunza mpira kama yai, halafu wewe unaniletea mtu wa kulivunja yai kwa teke."

"Mama Happy, leo washambuliaji wao hawakupiga hata shuti moja la maana. Kipa wetu alikuwa anatafuna muwa pale golini."

"Alikuwa anatafuna muwa?"

"Ni msemo, Mama Happy."

Wasichana wa timu ya Malkia wa Magamba walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakivua viatu, na kila mmoja alijifanya hasikii. Mechi ya kirafiki ilikuwa imekwisha sare tasa pale uwanjani Lushoto mjini. Yudith, yaani Mama Happy, kocha mkuu, alikuwa mwalimu wa michezo mwenye stashahada, mama wa watoto watatu, na mdomo wake hakuuwekea mlango. Hassani, msaidizi wake, alikuwa na pikapu ya kubeba mboga. Katika kubeba mboga ndiko alikomwokota huyu beki Tatu, huko juu ya Mlola, akarudi mjini anahema kama aliyeona dhahabu.

Jumamosi timu ilikuwa inashuka Muheza kwa mchezo wa mwisho wa kuwania kupanda ligi ya mkoa. Mabeki wa kati ni wawili. Mmoja ni Beatha, nahodha, huyo hagusiki. Nafasi ya pili ndiyo iliyokuwa ikigombewa: ni Tatu, au ni Happiness, ambaye amevaa jezi namba nne tangu timu ianzishwe, na ambaye Yudith alimzaa mwenyewe.

"Na hata huko kubutua kwenyewe hana mpango," Yudith aliendelea. "Kipindi cha kwanza anapeleka kushoto. Kipindi cha pili anapeleka kulia. Anapiga tu, mradi mguu umeinuka."

"Muda wa kujifunza ungekuwepo..."

"Haupo. Happy ataanza."

Hassani alichezea funguo za gari. "Au ni kwa sababu ni Happy?"

"Rudia."

"Sijasema kitu."

"Umesema. Nami nakujibu: Happy anapiga pasi. Asingekuwa anapiga pasi ningemkalisha benchi, na baba yake angelala njaa kwa hasira zake." Akageuka. "Tatu! Njoo hapa."

Tatu alikuja. Msichana mrefu, mabega mapana, macho ya mtu asiye na haraka. Akasimama mbele ya mwalimu wake mikono nyuma.

"Nimeona uwezo wako wa kukaba," Yudith alimwambia. "Ni mkubwa, sikudanganyi. Lakini timu yangu haikufai na wewe huifai. Kesho tunakurudisha kwa mama yako."

"Sawa, Mwalimu," Tatu alisema. Hakulia wala hakuuliza. Yudith angependa aulize.

* * *

Ingekuwa ni mchezaji wa mjini, angetumiwa ujumbe kwenye simu, yakaisha. Lakini Tatu aliombwa. Hassani na Yudith walikwenda wenyewe kwa mama yake, Bi Mwanamisi, wakakaa kwenye mkeka wakamwomba mtoto, na mtoto aliyeombwa kwa mkono hurudishwa kwa mkono. Siku ile Bi Mwanamisi alitamka neno moja ambalo Hassani hakulisahau: "Nawapa. Lakini mkinirudishia, msije tena na maneno matamu. Mimi sitoi mara mbili."

Kwa hiyo siku iliyofuata ile mechi, mchana, pikapu ilipanda njia ya Magamba, ikapita msituni ambako baridi huingia hata vioo vikiwa vimefungwa, ikatokea upande wa pili kwenye mashamba ya karoti na kabichi. Nyuma walikaa Tatu na begi lake, pamoja na Happiness, aliyelazimishwa na mama yake aje. "Umechukua nafasi ya mwenzio," Yudith alimwambia. "Basi uje umtazame mama yake machoni." Happiness alivaa sweta zito juu ya jezi yake namba nne, maana siku hizo alikuwa haivui hata kwa kulala.

Bi Mwanamisi alikuwa uani akimenya viazi. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkavu, mwenye nguvu.

"Shikamoo, mama," Yudith akasema.

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi." Alimjulia hali kwa Kishambaa kwanza, kisha akahamia Kiswahili kwa ajili ya Hassani, ambaye kwao ni Muheza. Alilitazama begi la Tatu. Akawatazama wageni. Akaendelea kumenya.

"Mama, tumekuja na neno," Yudith alianza.

"Neno halina miguu, halikimbii. Mle kwanza."

"Ni fupi tu, mama."

"Fupi ndiyo yanayochoma. Njegere hazijaiva. Nendeni kiwanjani mkatazame watoto, nitawaita." Kisha kwa Tatu: "Na wewe, wenzio wamepungua mtu. Toa hilo begi njiani."

Yudith alikuwa amezoea kusema jambo likaisha. Lakini nyumba ile haikuwa yake. Kwa Bi Mwanamisi mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajanawa mikono, na hakuna stashahada inayoweza kuiharakisha sufuria ya njegere.

* * *

Kiwanja chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba, chini kidogo ya ua. Yudith alipokiona alicheka kwa sauti.

Kilichongwa ubavuni mwa mlima, kirefu, chembamba kama kanga iliyoanikwa. Upande wa juu mlima ulikatwa wima, ukabaki ukuta wa udongo mwekundu uliompita mtu mara mbili, huku na huku nyasi zimeota, hapa jiwe limechomoza, pale mzizi wa mti. Upande wa chini hapakuwa na kitu. Palikuwa na mstari wa chokaa, halafu hewa, halafu matuta ya mboga yakishuka kama ngazi mpaka mtoni.

"Mpira ukitoka huko chini?" Yudith aliuliza.

"Aliyeupiga anaufuata," Hassani alisema. "Na wengine wote wanakaa chini kumngoja. Akirudi wanamzomea mpaka wiki ijayo."

"Na huku juu?"

"Tazama tu, Mama Happy."

Wasichana walikuwa wanacheza peku. Tatu aliingia bila salamu, akasimama katikati ya mabeki wa timu yake, na mchezo ukaendelea kana kwamba hakuwahi kuondoka. Mshambuliaji mmoja mwembamba, mwepesi, alikuja na mpira mguuni. Tatu hakumrukia. Alirudi nyuma taratibu, akamfungulia njia moja, na yule binti akaiingia njia ile kama mbuzi anavyoingia zizini. Hapo Tatu aliunyoosha mguu, akautwaa mpira, na palepale, bila kuinua macho, akaubutua mlimani.

"Umeona?" Yudith alisema. "Ndiyo hayo ha..."

Mpira uligonga udongo mwekundu. Ukarudi. Ulipita juu ya kichwa cha yule mshambuliaji, ukadunda mara moja, ukawapita wapinzani wawili waliokuwa wakimkimbilia Tatu, ukatua mguuni kwa kiungo aliyekuwa amekwishaanza kukimbia kabla haujapigwa. Hakuna aliyepuliza kipenga. Hakuna aliyepiga makofi. Mchezo uliendelea.

Yudith aliurudia ukuta kwa macho, kisha yule kiungo.

"Mlima hauko nje," Yudith alisema hatimaye.

"Huku kwao mlima ni mchezaji."

Alisogea mpaka kwenye mstari. Sasa aliona ambacho macho yake yalikuwa yameshindwa kuona kwa majuma. Kila msichana aliutumia ukuta ule, lakini wengi waliutumia kama mtu anavyogonga mlango asiojua ni wa nani. Tatu alikuwa anaujua. Alipotaka mpira urudi chini kwa chini, aliupeleka kwenye nyasi, nyasi zikaumeza ule mwendo na kuutema polepole. Alipotaka urudi kwa nguvu, aliupeleka palipo udongo mtupu. Kuna wakati aliugonga kwenye ule mzizi, mpira ukapinda ukamkimbia kila mtu isipokuwa msichana mmoja mdogo pembeni, aliyekuwa akiungoja kama anayengoja maji bombani.

Na katika muda huo wote timu yake haikuupoteza mpira. Yudith aligundua hilo ghafla. Hakuna hata upande mmoja uliokuwa unabutua. Wangebutua vipi? Huku mpira mrefu ni safari ya mtoni. Yeye alikuwa amekaa Lushoto akiwaonyesha wasichana video za timu za Ulaya kwenye simu, akichora vishale ubaoni, na kumbe huku juu, nyuma ya sufuria za viazi, watu wameishi kwa kuumiliki mpira kwa sababu mlima wao hauwapi njia nyingine.

Ukungu ukapanda.

Ulitoka bondeni kama kawaida ya mchana wa huko, ukapita matutani, ukafunika nusu ya kiwanja, kisha ukaufunika ukuta wenyewe. Yudith alifikiri watasimama. Hawakusimama. Waliitana kwa majina, sauti zikaruka huku na huku katika weupe. Tatu alionekana kama kivuli. Mpira ulimjia, watu watatu wakamvaa. Akageuka upande wa mlima, upande ambao hapakuwa na chochote cha kuona, weupe tu kama maziwa, akapiga.

Mpira ukapotea.

Ukasikika mlio, *dup*, wa kitu kugonga udongo. Kisha, kutoka kwenye ule weupe, mpira ukatoka mahali pengine kabisa, ukiviringika kwa adabu, ukaja kusimama mguuni pa msichana mwenye sketi ya bluu. Msichana hakushangaa. Aliupokea kama mtu apokeavyo chenji dukani.

"Ee Mungu wangu," Yudith alisema kwa sauti ndogo, kama anayesali.

* * *

Ukungu ulipopungua, wasichana walipumzika kunywa maji. Yudith alimwita Tatu.

"Kule Lushoto," alimwambia, "kipindi cha kwanza ulipiga kushoto, cha pili kulia. Ulikuwa unapiga upande wa juu. Upande wa mlima."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Lakini kule pana nyasi, halafu mstari, halafu watu wamekaa. Ulidhani utarudi?"

Tatu aliinamisha kichwa, lakini tabasamu lilimponyoka. "Kichwa kilijua hautarudi. Mguu ndio haukujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafoka, Mwalimu. Kwetu mkubwa akifoka, anaachwa amalize."

Hassani alikohoa kuficha kicheko. Yudith alimkata jicho.

"Haya, nenda kanywe maji."

Tatu alipoondoka, Hassani aliacha kucheka. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

"Mama Happy, hebu tuseme kweli. Nimemleta mimi, nampenda, lakini leo wewe ndiye umenitia hofu. Muheza uwanja ni tambarare. Pande zote nne ni mstari. Jumamosi mguu wake utautafuta mlima, mlima hautakuwepo, tutatoa mipira ya kurusha mpaka tufungwe. Labda ulikuwa umesema sawa. Huyu hatufai."

"Nilisema vibaya."

"Unasema sasa. Ulisema timu ya pasi inataka beki wa pasi."

"Na yule anapiga nini? Hassani, amka. Tulimwona anabutua kwa sababu tulitazama mguu. Tazama mpira. Ameupeleka mahali, akijua utatoka kwa kasi gani, utamfikia nani, na yule mtu atakuwa wapi wakati huo. Hiyo ni pasi, tena ya watu watatu. Happy wangu anampa mwenzake aliye hatua mbili mbele yake, namshangilia, namwambia safi sana. Huyu anampa mtu asiyemwona, ndani ya ukungu, kwa kupitia mzizi!"

"Mzizi hatutasafiri nao."

"Hatuhitaji mzizi. Tunahitaji mtu." Akaanza kutembea huku na huku, kama alivyofanya akipanga timu. "Mtu asimame pembeni kabisa, kwenye mstari, pale ulipo ukuta. Asikimbie hovyo. Kazi yake ni kupokea na kurudisha ndani kwa mguso mmoja, laini, mahali palipokusudiwa. Tatu ataupiga mpira kule kule anakoupiga siku zote. Tofauti ni kwamba utakutana na mguu badala ya udongo."

"Mtu huyo awe na mguso wa namna gani?"

"Mzuri kuliko wote tulio nao."

Walitazamana. Wote wawili walijua ni nani. Happiness alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono ndani ya mikono ya sweta, anamtazama Tatu akinywa maji, mdomo wazi kidogo. Tangu wafike hakuwa amegusa simu yake.

"Hatakubali," Hassani alinong'ona. "Pembeni? Yeye ni namba nne. Ameizoea. Atanuna mpaka Pasaka."

Sauti ya Bi Mwanamisi ilishuka kutoka uani. Njegere zilikuwa zimeiva.

* * *

Walinawa, wakala viazi na njegere, na hakuna aliyesema neno la maana mpaka sinia lilipobaki jeupe. Watoto kiwanjani, Tatu akiwa kati yao, walikuwa wameanza tena, kelele zao zilifika mpaka ndani. Bi Mwanamisi alifuta mikono kwenye kanga.

"Haya. Lile neno fupi."

Hassani alifungua mdomo kulainisha. Yudith alimtangulia.

"Mama, tulikuja kukurudishia mtoto. Nilisema hafai kwa timu yangu. Nilikosea, na nilikosea kwa kutotazama. Sasa namtaka. Najua ulisema hutoi mara mbili."

Bi Mwanamisi hakubadilika uso. "Umenirudishia?"

"Bado sijatamka."

"Ndiyo maana nikasema mle kwanza." Alilisogeza sinia. "Begi limekaa mlangoni, nami si kipofu. Nilijua. Lakini mwanangu, maneno ya kumtaka nilishayasikia siku ile. Kwenye mkeka huu huu. Mazuri kweli. Halafu mkamleta na begi. Safari hii sitaki maneno. Mnamweka wapi? Na anatoka nani ili yeye akae?"

Yudith alihisi uso wa binti yake ukigeuka kumtazama. Alikuwa mwanamke wa kusema mambo wazi, lakini hili lilikuwa la mtoto wake mwenyewe. Alikumbuka asubuhi alizomfuma Happiness akifua jezi ile peke yake, asiichanganye na nguo za wenzake. Alikumbuka pia ule mlio ndani ya ukungu, na mpira ukitoka pale usipotarajiwa. Kuna vitu mtu akishaviona hawezi kujifanya hakuviona. Akijifanya, hata kufundisha aache.

Alisimama. "Happy, twende. Na wewe Hassani. Mama, tusindikize."

Walishuka mpaka kiwanjani, Bi Mwanamisi nyuma yao na ndala zake. Yudith aliingia moja kwa moja katikati ya mchezo, akanyoosha mkono juu, na wasichana wakasimama kwa mshangao. Tatu alikuja. Happiness alibaki kwenye mstari.

"Vua sweta," Yudith akamwambia binti yake.

"Mama, kuna baridi."

"Vua. Na hiyo jezi. Hassani, geuka huko. Tazama milima."

Hassani aligeuka mbio. Happiness alilishika sweta kwa mikono miwili. "Mama, mbele za watu?"

"Mbele za watu ndiyo. Hapa ni mimi kocha. Mama yako utamkuta nyumbani, utamwambia yote unayotaka kumwambia, atakaa atakusikiliza. Unahama. Jumamosi Tatu anacheza kati, na Beatha. Wewe unacheza pembeni, upande wowote atakaoutazama yeye. Si kwa kukushusha. Nimetafuta mguu wa kuupokea mpira wa mtu huyu, na katika timu nzima nimeuona mmoja."

Happiness alimtazama Tatu. Kitu fulani kilipita usoni mwake, hasira kwanza, halafu kile kile kilichokuwepo alipokaa juu ya jiwe, mdomo wazi. Chini ya jezi alikuwa na fulana. Alilivua sweta, kisha akaivua jezi kwa mvuto mmoja, akamtupia mwenzake kifuani.

"Ukiitanua shingo nitakuua," alisema.

"Shingo yangu ndogo," Tatu alijibu, akiivaa. Ilimbana mabegani.

"Sasa nenda kule," Yudith alimwambia Happiness, akionyesha mstari wa chini, ule wa kwenye hewa na matuta.

Minong'ono ikavuma kiwanjani. Hakuna aliyepiga mpira upande ule kwa hiari, hakuna hata mmoja. Happiness alikwenda akasimama kisigino juu ya chokaa, bonde zima likiwa mgongoni mwake, amevaa fulana na sweta amelifunga kiunoni.

"Mwalimu," Tatu alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na utulivu. "Ukipita, ni mpaka mtoni."

"Ukipita nitaufuata mimi mwenyewe, na viatu hivi. Piga."

Yudith aliurusha mpira juu kuelekea kwa Tatu. Washambuliaji, ambao kwao mpira ni mpira hata siku ya msiba, walimvamia palepale. Mguu wa Tatu uliinuka ukielekea mlimani. Mwili wake wote ulishaanza kwenda huko. Halafu akageuka. Alipiga kwa nguvu ile ile, upande usio na ukuta, na wasichana wote wakashika vichwa.

Happiness alitoa mguu wa kushoto, laini, kama anayefunga mlango mtoto asiamke. Mpira ulimgusa, ukarudi ndani, ukawapita wawili, ukamkuta msichana mwenye sketi ya bluu akiwa amekwishaanza kukimbia.

Nyuma ya goli, Bi Mwanamisi alikuwa tayari amegeuka. Alipanda mpaka uani, akalichukua begi mlangoni, na kulipakia kwenye pikapu.